Jinsi ya kusoma msimu wa timu ya futboli ya chuo cha Marekani ya zamani (1901 mpaka 1916) bila kuaibika barazani

Mtoto wa dadangu anasoma Marekani, mwaka wa pili sasa, na juzi kanitumia picha kwa wasap. Picha ya kizamani, vijana kumi na kitu wamekaa kwa ngazi za jengo la mawe, nywele zimegawanywa katikati, masweta mazito, mmoja kakumbata mpira umevimba kama papai na mbele yao kalala mbwa. Ameinunua kwa duka la vitu vikuukuu karibu na chuo chake. Ananiambia, mjomba, hii ni timu ya futboli ya hapa chuoni zamani hizo, hebu nisaidie kujua msimu wao ulikuwaje manake wewe ndo mtu wa mpira.

Mimi mtu wa mpira kweli, lakini mpira wangu ni wa viwanja vyetu vya Mombasa, Mbaraki na Tononoka, huo wao nilikuwa siujui hata herufi. Nikaingia mtandaoni, nikapata jedwali za matokeo za vyuo vya wakati ule, jioni nikazipeleka barazani kwetu Kibokoni nikidhani naenda kuwafaidisha watu. Nikasoma: 49 kwa 0. 128 kwa 0. Halafu 2 kwa 0. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akaniuliza, "Huu ni mpira ama ni mnada?" Nikakosa jibu. Ndo nikaanza kuusoma huo mchezo sawasawa, bando tatu zimekwenda hapo, na sasa najua, kwa hivyo nawaandikia hapa nyinyi ambao mna mtoto huko ama mmekutana tu na jedwali kama hizo mkazidiwa.

Kwanza toa kabumbu kichwani kabisa. Futboli yao ni mtoto wa raga. Kama umewahi kukaa Mombasa Sports Club Jumamosi ukawaona wale jamaa wanavyokabana basi nusu ya kazi umeshaimaliza: mpira wa mviringo wa yai, unabebwa mkononi, unapigwa teke juu ya mti wa kati ya nguzo mbili, na pointi zinakuja kwa mafungu. Wachezaji ni 11 kila upande, hapo tu ndo wanafanana na sisi. Tofauti kubwa na raga ni kwamba mtu akiangushwa mchezo unasimama, wanajipanga tena, wanaanza upya. Kila jaribio moja kama hilo linaitwa dauni. Shika hilo neno, tutalirudia.

Sasa, jambo ambalo lingeniokoa mimi aibu yote kama ningeambiwa mapema: USISOME MATOKEO KABLA HUJASOMA MWAKA. Wale watu walikuwa wanabadilisha sheria karibu kila mwaka, na thamani ya pointi ikibadilika nayo. Mechi ya 1903 na mechi ya 1913 ni kama shilingi ya zamani na ya leo, jina moja lakini hainunui kitu kimoja. Mimi niliandika hii kwa chaki nyuma ya boksi la biskuti nikaitundika barazani, na wewe iandike popote:

1898 mpaka 1903: tachidauni 5, kiki ya ziada baada yake 1, goli la teke 5, sefti 2.
1904 mpaka 1908: tachidauni 5 bado, goli la teke likashushwa kuwa 4.
1909 mpaka 1911: tachidauni 5, goli la teke 3.
Kuanzia 1912: tachidauni 6, goli la teke 3. Ziada 1 na sefti 2 hazikuguswa.

Tachidauni ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli wa wenzako, kama trai ya raga. Goli la teke ni kupiga mpira ukapita katikati ya nguzo juu ya mti mchezo ukiendelea. Kiki ya ziada ndo ile unapewa baada ya tachidauni, na wakati ule ilikuwa ngumu kuliko ya sasa sababu walipiga ikilingana na pale mpira ulipotua, kama raga vile, ukitua pembeni utapiga kutoka pembeni, ndo maana kwenye jedwali za zamani utaona 5 nyingi ambazo hazikuwa 6. Sefti ni ukinaswa na mpira nyuma ya mstari wako mwenyewe, wenzako wanapewa 2 bure.

Hio sefti usiidharau. Michigan, timu ya kocha Fielding Yost, kutoka 1901 mpaka 1905 ilifunga pointi 2,821 ikafungwa 42 tu. Sikukosea kuandika, 42 kwa miaka mitano. Walikuwa wakiitwa timu ya pointi kwa kila dakika. Mechi 56 hawajapoteza. Halafu tarehe 30 Novemba 1905 wakaenda Chicago, wakacheza na Chuo Kikuu cha Chicago cha kocha Amos Alonzo Stagg mbele ya watu kama 27,000, mechi kavu, mateke tu huku na huku, mpaka kipindi cha pili mtu wa Michigan akaudaka mpira nyuma ya mstari wake, badala ya kutulia akajaribu kutoka nao, akasukumwa ndani. Sefti. 2 kwa 0, imeisha. Msimu wao huo ukiutazama kwa jumla ni 495 kwa 2, na hizo 2 ndo zilizowapoteza. Mzee wa baraza nilipomsomea hii akasema sasa huu ni mpira.

Twende kwa vitendo. Chukua ile 49 kwa 0 iliyonitia aibu. Hii ni Michigan na Stanford, tarehe 1 Januari 1902, Pasadena kule California, kwenye sherehe za mwaka mpya za maua. Kwa sisi, hapo treni ndo kwanza imefika Kisumu, mwezi tu haujatimia. Angalia mwaka: msimu wa 1901, kwa hivyo tachidauni 5 na goli la teke 5. Ripoti inasema tachidauni 8, tano kati ya hizo za mtu mmoja anaitwa Neil Snow. Nane mara tano ni 40. Kiki za ziada zilizoingia 4, tumefika 44. Goli la teke moja, 5. Arubaini na tisa. Ukiipiga hesabu hio hio kwa bei za baada ya 1912 inakuwa 55, kwa hivyo ukiona mtu analinganisha kipigo cha 1901 na cha 1915 kwa namba kavu mwambie atulie kwanza. Na yale matokeo makubwa yasikufanye udhani walikuwa wanabadilisha wachezaji wapya kila saa, Michigan siku hio walicheza na wale wale 11 mwanzo mpaka mwisho, Stanford ndo walioomba mechi ikatizwe dakika zimebaki kama nane. Mambo yalikuwa mabaya hivi kwamba waandalizi wa ile sherehe mechi ya pili hawakuiweka mpaka 1916, katikati hapo wakaweka mashindano ya magari ya farasi kama ya Warumi. Wallahi.

Ingine, hii ndo naipenda. Tarehe 11 Novemba 1911, Carlisle 18, Harvard 15. Carlisle ilikuwa shule ya bweni ya serikali kule Pennsylvania ya watoto wa wenyeji asilia wa Marekani, watoto wanatolewa kwao wanapelekwa kufanywa "wastaarabu", na hatutakwenda huko zaidi lakini ujue tu kwamba hao ndo waliokuwa wakisafiri kwa treni kila wiki kwenda kupigana na vyuo vya matajiri, na mara nyingi wanashinda. Harvard siku hio walianza na wachezaji wa akiba, dharau. Mwaka 1911, kwa hivyo goli la teke 3, tachidauni 5. Jim Thorpe, mguu umefungwa bandeji, akapiga magoli ya teke manne: 12. Jumlisha tachidauni moja 5, na ziada 1. Kumi na nane. Unaona inavyofunguka? Mguu mmoja mgonjwa umeleta 12 kati ya 18, na hilo jedwali haliwezi kukwambia mpaka ulivunje. Huyo Thorpe mwaka uliofuata akaenda Stockholm kwenye Olimpiki akarudi na dhahabu mbili. Na msimu wao wa 1911 walishinda mechi 11 wakapoteza moja tu, kwa Syracuse, 12 kwa 11. Pointi moja. Wapenzi wa timu ya Bandari mtaelewa hayo maumivu.

Ukishaweza kuvunja pointi, rudi kwenye neno dauni. Hapa nilitumia vikombe vya kahawa, na nakushauri ufanye hivyo manake kwa maneno haingii. Panga vikombe saba kwa mstari, hao ndo mstari wa mbele. Nyuma yao kimoja, kwotabeki, yeye ndo anapokea mpira. Nyuma yake viwili, mahafubeki, na mmoja wa katikati, fulubeki. Kumi na moja. Upande wa pili panga vivyo hivyo uso kwa uso. Mpaka 1905 sheria ilisema una dauni tatu kusogea yadi tano, yaani mita nne na nusu. Gawa kwa tatu: mita moja na nusu kila jaribio. Hio ni hatua mbili za mtu mzima. Sasa kama unahitaji hatua mbili tu, utapiga chenga za nini? Unawakusanya watu wako wote, unamuweka mwenye mpira katikati, mnasukumana kama mkokoteni wa maji umekwama kwa mchanga. Nilivisukuma vile vikombe vyote kwa mkupuo kuwaonyesha, viwili vikavunjika na muuza kahawa akaninunia mpaka nikalipa. Lakini wakaelewa. Ndo mchezo ulivyokuwa: rundo la watu, hakuna kofia ya lazima (kofia zililazimishwa vyuoni 1939), anayetaka anavaa ngozi kichwani, asiyetaka anacheza na nywele zake.

Na watu walikuwa wanakufa. 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18, wengi wao wavulana wa shule za sekondari. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton akawaambia wausafishe huo mchezo. Mwisho wa msimu Columbia wakaufuta kabisa chuoni kwao, hawakuurudia mpaka 1915. Vyuo vya Stanford na California wakahamia raga 1906. Hili la mwisho liandike kwa wino mwekundu: ukikuta jedwali la msimu wa Stanford wa 1908, tuseme, hio ni RAGA, ukianza kuivunja kwa ile orodha ya chaki utalia, haitakubali. California walirudi kwenye futboli 1915, Stanford walikawia zaidi.

Waliobaki wakakaa vikao wakaandika sheria mpya za 1906, na hapa ndo ukuta kati ya zama mbili. Yadi za kusogea zikawa 10 badala ya 5, dauni zikabaki tatu. Kukawekwa nafasi ya urefu wa mpira kati ya mistari miwili wasianze wakiwa wamegusana pua. Muda ukashushwa kutoka dakika 70 mpaka 60. Na kubwa kuliko yote, ikaruhusiwa kurusha mpira mbele kwa mkono, kitu ambacho mtu wa raga hata leo akikiona anataka kupuliza filimbi.

Lakini usidhani kuanzia hapo ilikuwa mirusho tu kama unavyoona kwenye televisheni. Waliruhusu huku wamebana. Ukirusha na mpira ukaanguka bila kuguswa na mtu, unawapa wenzako mpira. Makocha wengi wakaogopa. Aliyethubutu ni Eddie Cochems wa Saint Louis. Tarehe 5 Septemba 1906, kule Waukesha, Wisconsin, dhidi ya Carroll College, kijana wake Bradbury Robinson akarusha ule mrusho wa kwanza wa halali. Ukaanguka chini. Mpira ukaenda kwa wenzao. Mimi kama ningekuwa kocha ningesema basi tumeona yametosha, lakini baadaye wakarudia, akarusha tena, Jack Schneider akaudaka, tachidauni, wakashinda 22 kwa 0. Ule msimu Saint Louis walishinda mechi zote 11, pointi 407 kwa 11. Kwa hivyo ukiona timu ya 1906 ama 1907 imepanda ghafla bila sababu, tafuta kwenye ripoti kama walikuwa wanarusha. Wakubwa wa mashariki wengine hawakushtuka vizuri mpaka 1 Novemba 1913 wakati Notre Dame ilipokwenda kuwafunga Army, timu ya chuo cha jeshi, 35 kwa 13, Gus Dorais anarusha, Knute Rockne anadaka.

Zilizobaki nazipitisha haraka. 1910: mechi ikagawanywa vipande vinne vya dakika 15 na kusukuma mwenye mpira kutoka nyuma kukapigwa marufuku. 1912: dauni nne badala ya tatu, uwanja ukakatwa kutoka yadi 110 kuwa 100 na nyuma ya kila mstari ikaongezwa yadi 10 za kudakia. Basi. Kuanzia 1912 ukiutazama utaujua ni huu huu wa sasa.

Ratiba sasa. Msimu ni mfupi, kwa kawaida mwisho wa Septemba mpaka mwisho wa Novemba, Jumamosi kwa Jumamosi, na mechi ya mwisho mara nyingi ni Alhamisi ya sikukuu yao ya kushukuru. Hapa nilianguka vibaya. Jedwali moja lilikuwa limeandikwa 11/4/1905 na mimi nikatangaza barazani kwamba hawa walicheza mwezi wa nne, mvua za masika, nikaweka na nadharia ya hali ya hewa. Kumbe Wamarekani wanaanza na mwezi. Hio ni tarehe 4 Novemba. Dawa yake ni kalenda ya simu: irudishe mpaka mwaka huo uangalie siku, 4 Novemba 1905 ni Jumamosi, imekaa sawa. 11 Aprili 1905 ni Jumanne, nani anacheza Jumanne.

Soma ratiba kutoka chini kwenda juu. Yaani anza na mechi za mwisho, ndo zenye maana, mahasimu wanawekwa Novemba. Zile za Septemba ni za kujifua, vyuo vidogo, wakati mwingine vyuo vya udaktari, klabu za mtaani, hata shule za sekondari, na hapo ndo 80 kwa 0 zinatoka. Kwa sababu hio hio utakuta sehemu mbili zinatofautiana idadi ya mechi za timu moja msimu mmoja, mmoja kahesabu ile ya shule ya sekondari, mwingine kaitoa. Usigombane, andika zote mbili ueleze.

Angalia pia nani alisafiri. Treni, siku nzima ama mbili, halafu unashuka unacheza. Kuna jambo moja la safari lilichekesha baraza zima: 1903 Michigan wakaenda Minnesota, na kocha Yost hakuyaamini maji ya wenyeji, akatuma mtu akanunue mtungi, senti 30, wawe na maji yao. Wazee wakatazamana. Hapa pwani hilo halihitaji maelezo, timu ikija ugenini na maji yake kila mtu anajua inaogopa nini, japo Yost sijui kama alifikiria uganga. Mechi ikaisha 6 kwa 6 (vunja mwenyewe: tachidauni na ziada, kila upande), mashabiki wakavamia uwanja kabla muda kuisha, Michigan wakaondoka wakausahau mtungi. Mpaka leo timu hizo mbili zikikutana zinagombania huo mtungi, ndo kombe lenyewe.

Ukikuta mahali pameandikwa timu fulani ilikuwa bingwa wa taifa 1902 ama 1909, poa, lakini ujue hakukuwa na ligi ya taifa wala fainali. Hata kura ya waandishi ya shirika la habari la Associated Press ilianza 1936. Ubingwa mwingi wa miaka hio ulitolewa na watu waliokaa baadaye na makaratasi wakapiga hesabu nyuma, kwa hivyo mwaka mmoja unaweza kuwa na mabingwa wawili ama watatu na kila chuo kimebandika chake ukutani.

Kupata hizo ripoti si kazi na hulipi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka magazeti ya zamani mtandaoni bure, unatafuta kwa mji na tarehe. Mechi ya Jumamosi itafute gazeti la Jumapili, ya Alhamisi ya sikukuu itafute Ijumaa. Vyuo vingi pia vina maktaba ya kumbukumbu, Michigan wana ya Bentley pale Ann Arbor ambayo imejaa mambo ya michezo yao. Fungua kwa kompyuta ukiweza, kwa simu yale maandishi madogo yatakutoa machozi. Mwisho wa ripoti kuna kisanduku cha majina ya wachezaji na namna pointi zilivyoingia, anzia hapo, halafu ndo upande juu kwenye maneno ya mwandishi, manake waandishi wa wakati ule walikuwa wanatia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Haya, na ile picha. Kwenye masweta yote kifuani kulikuwa na 1908, kubwa, wazi kabisa. Nikatafuta msimu wa 1908 wa chuo hicho wiki nzima. Majina nyuma ya picha, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, hakuna hata moja linalolingana na kikosi. Nikaanza kudhani mtoto kauziwa picha ya chuo kingine, nikamwambia arudi dukani akadai pesa zake. Bahati nzuri hakuenda. Siku moja usiku nikaivuta picha kubwa kwenye skrini nikautazama ule mpira vizuri: umepakwa rangi nyeupe, '05.

Mpira ndo unaandikwa mwaka wa msimu. Sweta lenye mwaka mara nyingi ni mwaka wa kuhitimu, yaani hao ni wanafunzi wa darasa la kuhitimu 1908, na 1905 walikuwa mwaka wa pili. Timu ya chuo chenyewe ingevaa herufi ya chuo kifuani, sio namba. Hawa walikuwa timu ya darasa, madarasa yalikuwa yakicheza yenyewe kwa yenyewe, kama vile darasa la nane dhidi ya la saba siku ya kufunga shule. Ndo maana hawamo kwenye jedwali lolote la chuo. Kwa hivyo ukipata picha: mpira kwanza, sweta baadaye. Aliyeshika mpira kwa kawaida ndo kapteni. Na ukiona kitu kama mdomo wa ndege cheusi kinaning'inia shingoni kwa mtu, hio ni ngao ya pua ya raba, usiseme ni hirizi kama alivyosema mzee wetu.

Nimemwambia kijana atafute gazeti la wanafunzi la Novemba 1905, ligi za madarasa ziliandikwa huko. Kaniambia sawa mjomba, baada ya mitihani.

Sasa wewe jipime kabla hujaenda kuringa kwa watu. Tarehe 7 Oktoba 1916, Georgia Tech ya kocha John Heisman iliifunga Cumberland 222 kwa 0. Ndio, mia mbili ishirini na mbili. Tachidauni 32, goli la teke hata moja hakuna. Angalia mwaka, chukua bei yake, uniambie kiki za ziada ngapi walikosa.